Jizo Aliyehamia Mjini

Kijiji cha Fumiyo Wakasugi kilifukiwa na maporomoko ya tope msimu wa mvua, binti yake Chinami akiwa amelala ndani. Hekalu nalo likasombwa. Kilichochimbuliwa kikiwa kizima ni sanamu ya mbao ya Jizo, mlezi wa watoto waliokufa, na kuhani, kwa kuwa hakuwa tena na waumini wala paa, akaikabidhi kwa makumbusho ya sanaa mjini.

Fumiyo akaifuata. Aliomba kazi ya kuketi pembeni ya ukumbi na kuwakataza watu kugusa. Wageni wengi walimpita Jizo wakikimbilia chumba cha pili, kulikotundikwa michoro ya Wafaransa.

"Wanafuata maua na wanawake wanaooga," Kinue, mwenzake wa zamu, alimtania. "Huyu wako hata hawamwoni."

"Mwache. Kungoja amezoea."

Asubuhi moja, kabla milango haijafunguliwa, Fumiyo alimfunga Jizo kitambaa chekundu shingoni, kama walivyofanya kijijini akina mama waliofiwa na watoto. Msimamizi, Bwana Hatakeda, akamkuta bado ameshika fundo.

"Mama Wakasugi, mbao hii ni ya kale mno. Kitambaa kinaleta wadudu."

"Kijijini alikivaa mwaka mzima."

"Hapa si kijijini." Kisha akashusha sauti. "Nisamehe. Na mimi nina mtoto. Lakini siwezi kukuacha humu."

Akahamishiwa kwa Wafaransa. Kiti chake kilielekea mchoro wa mama anayemfuta maji bintiye, nywele za mtoto zimemganda shingoni. Fumiyo aliutazama mchana kutwa. Hakulia. Alianza kuichukia mikono ya yule mama, jinsi ilivyokuwa haina haraka. Siku moja mgeni alimwuliza choo kiko wapi, akauliza tena, na Fumiyo hakumsikia kabisa. Kinue akaja kumshika bega.

"Dada, geuza kiti."

"Nikigeuza nitaona ukuta."

"Basi tazama ukuta."

Aliugeukia ukuta majira yote ya baridi, kisha akaacha kazi.

Siku hizi hukata tiketi kama watu wengine. Jizo sasa amefungiwa ndani ya kioo, shingo wazi. Fumiyo akisogea sana, pumzi yake huacha ukungu kwenye kioo, na mlinzi mpya, msichana asiyemjua, humwomba kwa adabu arudi nyuma. Naye hurudi.