Siki ya Maganda ya Nanasi

Mkojo wa mtu mzima haunuki kama wa mtoto. Wa mtoto unafua, unaanika, umekwisha. Wa baba yangu uliingia kwenye godoro, ukaingia kwenye nyufa za sakafu, ukapanda mpaka kwenye pazia, nami nikawa naanika nje nguo za wateja kabla ya kuwakabidhi. Nina cherehani yangu barazani na vyumba viwili vya kupanga mjini Morogoro, upande ule wa chini ya mlima ambako ukungu hushuka mpaka kwenye mabati. Masika yale jua lilikuwa la kuombea. Shuka lilikaa kambani kutwa nzima na jioni likarudi ndani na ubichi wake na harufu yake.

Baba alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia haukuwa wake tena, na mdomo ulitoa neno mojamoja, kwa kusukumwa. Nilimteremsha kutoka kijijini ili awe karibu na hospitali, na pia kwa sababu nilimtaka. Mama alikufa nikiwa sijui kufunga kamba za viatu, na mwanamume yule alinilea, akanisuka nywele kwa vidole vyake vya jembe, vibaya, nikaenda nazo shule hivyo hivyo. Sikuwa na mwingine.

Lakini sisi ni Waluguru, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Baba yangu ni wa ukoo wake, mimi ni wa ukoo mwingine. Wenye kauli juu yake ni dada yake na watoto wa dada yake, walioko juu mlimani. Mimi nilikuwa nimemwazima tu. Shangazi aliniambia waziwazi siku namchukua: "Kaa naye, mwanangu. Tukisikia anataabika, tutakuja kumchukua mtu wetu."

Na wakasikia. Jamaa wa kijijini aliyeshusha karoti sokoni alipita kumjulia hali, akasimama mlangoni muda wote na kiganja puani, akijifanya anapangusa jasho. Hakukuwa na jasho siku ile. Wiki haikuisha shangazi akapiga simu. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole wa shangazi ndio wa kuogopa. Alisema wanashuka baada ya Pasaka kuja kumwona kaka yake "anavyolala."

Niliogopa. Kule juu gari linaishia njiani. Mvua ikinyesha, mgonjwa anabebwa kwa machela kwenye utelezi, na akizidiwa hakuna wa kumkimbilia. Wakimpandisha, hashuki tena. Nililiona hilo wazi kabisa. Na kilichokuwa kinaninyang'anya baba yangu ni harufu. Kama nilikuwa nampenda, hakuna aliyekuja kuuliza.

Nilianza kupigana. Dawa za kupigia deki zenye harufu ya maua zilifanya chumba kinuke kama mtu aliyekojolea maua. Jiki ilimkohoza baba mpaka akawa mwekundu macho, nikaifukia kabatini. Zile nepi za wazee nilinunua mara moja, nikajua sitaweza tena. Watu wa redioni husema siki husafisha kila kitu, lakini chupa ya dukani ni ya kunyunyizia kachumbari. Godoro la baba lingeimaliza kwa kuinusa tu.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, mama mtu mzima anayeuza achari ya maembe. Alinikuta nyuma ya nyumba nimekaa juu ya karai la mashuka, nalia. Nilimwamkia shikamoo huku kamasi zinanitoka. Nikamweleza yote, simu ya shangazi, godoro, na ile siki ya dukani.

"Siki si lazima uinunue," alisema. "Nenda kwa wale wanaokata mananasi stendi, wakupe maganda. Wanayatupa yale. Osha, tia kwenye ndoo, maji yaliyochemshwa yakapoa, sukari kidogo, funika kwa kitambaa. Itaumuka yenyewe."

"Halafu?"

"Halafu unangoja. Ila nikwambie, mwanzoni hiyo ni pombe tu, usiniite. Ikishachachuka kabisa ikawa siki, hapo ni halali, nitakuja hata na chupa yangu."

Tulicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu simu ile.

Maganda yalikuwa ya mananasi ya Matombo, manjano mpaka ndani. Nilijaza ndoo, nikaifunika kwa kipande cha kanga, nikaiweka kwenye chumba cha baba, maana kwa ubaridi ule ndiko kulikokuwa na joto. Siku chache tu ikaanza kutoa povu na kuzungumza peke yake. Chumba kikajaa harufu tamu, nzito, ya kilabuni. Baba aligeuza macho akaitazama ndoo, akanitazama mimi.

"Ya... nini?"

"Usijali, baba. Shangazi na wenzake wanakuja. Nataka wakute mambo safi."

Akafumba macho.

Kuanzia hapo akawa mtu mwingine. Uji alionja vijiko viwili akageukia ukutani. Aliomba rozari yake. Nikimgeuza kumbadilisha shuka, mkono wake mzima ulinishika kiganja na hauachii. Jioni moja alijitahidi kwa maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu augue: jembe lake jipya apewe mpwa wake, na mimi nisiuze cherehani. Nilidhani ni kiharusi kinasogea. Nilimkemea hata, nikamwambia aache kujitakia mabaya, ale uji. Kisha nikarudi kwenye ndoo yangu.

Siki iliiva, kali ya kukunja uso. Niliichuja, nikaichanganya na maji, nikapangusa kitanda, nikasugua nyufa za sakafu, nikalilowesha godoro nayo na kulikandamiza kwa matambara, kisha nikafungua madirisha. Mungu akatupa jua. Lilipokauka nililala kifudifudi juu ya godoro lile na kulinusa kutoka kichwani mpaka miguuni kama mwendawazimu. Halikunuka kitu. Nilifurahi hata nikamwita jirani aje anuse na yeye. Siku hiyo hiyo nikajaza ndoo ya pili, ili nisiishiwe.

Wakaja. Shangazi alikuwa na kitenge kipya na fimbo, na nyuma yake mwanawe, yule mpwa wa baba, amebeba mkungu wa ndizi. Nilipiga goti, shikamoo shangazi, marahaba. Nilimpeleka chumbani mwenyewe, natembea mbele kama mtu aliyeshinda kesi. Shuka jeupe, sakafu inang'aa, baba amenyolewa ndevu.

Shangazi alisimama katikati ya chumba, akavuta hewa. Akavuta tena. Macho yake yakaenda kwenye pembe, kwenye ndoo ya pili, ambayo ilikuwa inatoa povu wakati ule ule.

"Mnapika pombe?"

"Hapana shangazi, ni..."

"Pombe ya matanga?" Sauti ilimpanda. "Ndugu yangu anahema, wewe mtoto wa kuzaliwa tu umekaa unampikia matanga? Nani kakupa ruhusa? Ukoo umekufa?"

Kule juu, mtu mzima anapozidiwa, ukoo wake ndio unaokaa na kuamua pombe ya msiba ipikwe lini na ipikwe na nani. Mtoto wake hana sauti hapo, na kuianza mtu akiwa hai ni sawa na kumchimbia kaburi anaona. Nilikuwa najua hayo. Nimeishi mjini, nikayaweka mbali, na mbele yangu nikaona maganda tu.

Niliikimbilia chupa ya siki iliyoiva, nikammiminia kwenye kikombe. "Onja, shangazi. Onja mwenyewe. Ni ya kusugulia!" Akaonja, akatema, uso ukamkunjika wote. Mpwa akacheka. Nikawaonyesha matambara, nikawaonyesha godoro, nikaongea bila kupumua. Shangazi alilinusa godoro, na hasira ikamtoka.

"Umehangaika, mwanangu," alisema. "Mungu anaona. Basi akae. Akae na wewe."

Nilimgeukia baba nimwambie, na baba alikuwa analia. Jicho moja tu lilitoa machozi, lile la upande mzima. Shuka jeupe chini yake lilikuwa limelowa.

"Si... yangu?" aliuliza, akiitazama ndoo.

Hapo ndipo nilipoelewa. Alilala na ile harufu pembeni ya kichwa chake, usiku na mchana, akijua bintiye anampikia matanga na ndugu wameitwa kuja. Hakunilaumu. Alisali, akagawa jembe, akanishika mkono, akaacha kula ili asitucheleweshe.

Nilijitupa kifuani kwake. "Si yako, baba! Ni ya kufulia! Unakaa, shangazi amesema unakaa!"

Alinipapasa kichwa kwa vile vidole vya kusuka vibaya. Akasukuma neno mojamoja.

"Nimeshaaga, mwanangu. Siwezi... kuanza tena. Nipelekeni kwetu."

Nilibisha. Nilipiga kelele, nilimtukana shangazi asiyekuwa na kosa, nikamwambia mpwa akimgusa nitamng'ata. Hakuna aliyenijibu kwa ukali. Mtu mzima alikuwa amesema, na ukoo wake ulikuwa umesikia. Walikodi gari asubuhi iliyofuata. Shangazi aliomba chupa ya siki, kwa kuwa hata kule baba atakuwa wa kitandani, nami nikamwelekeza namna ya kuichanganya, nikirudia rudia, kwa sababu nilipokuwa naelekeza gari lilikuwa bado halijaondoka.

Chumba sasa ni kisafi. Nimelala kwenye godoro lile nikamtafuta, na siki imemwondoa kabisa. Kilichobaki ni shuka alilolowesha siku ile. Liko kwenye karai nyuma ya mlango, na ndoo ya pili iko pembeni yake, imeiva, imejaa. Jirani yangu ameshaniambia mara nyingi nilifue, linanuka mpaka kwake.

Najua linanuka.