Baba Mmoja wa Kilatini, Mapapa wa Goma

Papa wangu alikuwa amesema, na Papa akisema amesema: nikileta tena chini ya tano kwa kumi katika Kilatini, ananihamisha kwenye komersiale, masomo ya biashara, kule wanakosoma, kwa maneno yake, watoto wenye akili. Mimi nakipenda Kilatini. Ni somo la pekee ambalo wenyewe wamekufa wote, hakuna wa kuja kunishitaki kwa prefe, mkuu wa shule.

Mwalimu alitupa mistari minane ya kutafsiri nyumbani. Baba wa zamani sana, mtu wa shamba, anamwandikia mtoto wake anayesoma mjini: nimekutumia jibini mbili na maharagwe kwa mkokoteni, ng'ombe mweusi amekufa, mama yako ni mzima, barua yako hatujaiona. Basi.

Kesho yake tukasoma mbele ya darasa. Alianza binti mmoja ambaye familia yake ni wafugaji wa Masisi. Kwake barua nzima ilikuwa kilio. Ng'ombe alipata mistari mitano, mtoto nusu mstari, na jibini ikawa ya ng'ombe yuleyule, ya mwisho. Wa nyuma wakaomba dakika moja ya kimya.

Akafuata mtoto wa pasta wa mtaa wa Mapendo. "Mwanangu!" akanguruma. "Ng'ombe amekufa. Na wewe, uko tayari?"

Darasa zima: "Amina!"

Kisha mimi. "Kwa mtoto mhusika. Tunakujulisha kwamba jibini mbili (2) pamoja na maharagwe vimepakiwa kwenye chukudu (kigari cha mbao). Ng'ombe mweusi hayuko tena kazini. Mama anaendelea na shughuli zake. Hadi leo hakuna barua yako iliyotufikia."

Watu waliingia chini ya madawati kwa kicheko. Wote wanamjua Papa, karani wa biro, mtu wa ofisi anayesalimia kama anasoma tangazo. Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema: "Nne."

"Mesye! Nne?"

"Umemwandika kama mtu wa hasira. Wapi umeona huyu baba amekasirika?"

"Mesye, papa akianza kutaja vitu kimoja kimoja bila kutukana, amekasirika tangu juzi."

"Huyo ni papa yako."

"Sina mwingine, Mesye."

Akafikiri. "Basi mupelekee. Akiweka sinyature yake chini kwamba iko sawa, nakuongeza pointi ya tano."

Yaani nimpelekee Papa maigizo ya Papa, ayakubali kwa mkono wake. Njia ya kurudi nyumbani Mabanga haijawahi kuwa fupi vile.

Alisoma mara mbili mezani. Hakucheka. Akachukua kalamu, nikaaga Kilatini moyoni. Juu kabisa akaandika: *Kuhusu: ukimya wako.*

"Barua ya namna gani haisemi inahusu nini? Leta na Kilatini chenyewe."

Akakisoma! Kwa sauti! Kumbe mapadri wa Bukavu walimfundisha, na alikuwa ametuficha miaka yote kama ugonjwa.

"Huyu muzee hajakasirika," akasema. "Anaogopa. Mutu akiogopa kama mutoto wake amepotea, anaongea ng'ombe."

Mama akapasua kicheko jikoni. "Ni kweli! Ulipokuwa unanitaka uliniandikia kurasa mbili juu ya mabati ya biro yenu. Kunipenda kulikuwa chini kabisa, pembeni."

"Na ulijibu."

"Nilijibu sababu mimi nilijua kusoma mpaka pembeni!"

Masikio ya Papa yaliwaka. Akaweka sinyature, akaweka tarehe, kisha chini ya kazi yangu akaandika tafsiri yake mwenyewe, yenye baba anayeogopa.

Mwalimu alinipa ile ya tano. Kisha akasoma ya Papa, akaandika pembeni kwa wino mwekundu: sita.

"Sita?" Papa alisema jioni ile. "Sita juu ya nini?"

Asubuhi alipiga pasi shati na kunipita mlangoni kwenda shuleni, karatasi mkononi. Darasani tuliwasikia kupitia ukuta, yeye na mwalimu, wanagombania ng'ombe: mwalimu anasema amekufa tu, Papa anasema hapana, baba anajaribu kumwambia mtoto rudi. Binti wa Masisi alinyoosha mkono, akaomba ruhusa ya kwenda kuwasaidia.

Habari ya komersiale, Papa hajaigusa tena. Sasa anataka saba.