Gramu Sita na Kopo la Shangazi

Nesi alipomuuliza shangazi yangu anakula nini kwa siri, mbele ya benchi zima la wagonjwa, aliyejibu nilikuwa mimi. Na sikujibu vizuri.

Ilikuwa kliniki ya sukari, asubuhi, pale Kigoma mjini. Shangazi ametobolewa kidole, kimashine kimesoma kumi na nne. Mara ya tatu mfululizo kinapanda. Nesi mwenyewe mgeni, wametuletea kutoka Mbeya, anaongea polepole kama anakuandikia ubaoni.

"Mama, dawa unameza?"

"Nameza."

"Soda?"

"Nimeacha."

"Chai ya sukari?"

"Nimeacha, mwanangu."

Nesi akaweka kalamu chini. "Sasa mama, hii sukari inaingilia dirishani? Niambie tu, unakula nini kwa siri?"

Benchi likacheka. Mzee mmoja wa Simbo, na yeye kaja kutobolewa, akasema, "Mpekueni kikapu huyo." Wakacheka tena.

Mimi shangazi yangu amenilea toka nina miaka minne. Anauza dagaa Katonga, pale ufukweni mwa ziwa, na miaka yote hiyo hajawahi kutokea mteja akamwambia kopo lako limepungua. Kumwita mwongo yule mama ni kunitafuta mimi. Nikamwambia nesi, "Dada, kama kimashine chako kimekufa nipe nikakifungue, mimi ni fundi." Na kweli ni fundi, natengeneza simu Ujiji, nimejifundisha mwenyewe kwenye video baada ya kuishia kidato cha pili. Nesi akanionyesha mlango. Nikatoka, nikaenda kuendelea dirishani.

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwenye kadi ya shangazi kuna namba ya mtoto wake wa kumzaa, binamu yangu, mtumishi wa serikali Dodoma. Nesi alipoona mgonjwa anakataa na msindikizaji anatukana, akampigia.

Jioni binamu akapiga. Shangazi hapendi kuweka simu sikioni, anaweka sauti kubwa nyumba nzima isikie.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Mama, nesi ameniambia yote. Mimi sikulaumu, najua vitu vitamu ni vigumu kuacha. Ila mwisho wa mwezi kuna tarehe yako ya kliniki, nakuja. Ikiwa bado iko juu, tunaondoka wote. Utakaa na sisi, mke wangu atakupimia chakula."

"Na dagaa?"

"Mama, dagaa hata Dodoma wapo."

Nilisubiri shangazi amjibu. Huyu ni mtu anayeweza kugombana na mwenye mtumbwi huku anahesabu na huku anasalimia wapita njia. Akasema tu, "Haya." Halafu akaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Nilijua maana yake. Ukimtoa Katonga utakuwa umemhamisha mwili tu. Ile sehemu yake kwenye mchanga, zile chanja za kuanikia alizozigonga mwenyewe, wale wateja wa Kidahwe wanaompita kila mtu hadi wamfikie yeye, hayo yote hayapandi basi. Na anaondolewa kwa kosa gani? Kwa kuitwa mwongo.

Basi nikaapa nitampata anayemlisha.

Kwa sababu kimashine nilikuwa nimeshakiulizia kwa watu, hakina tatizo. Na shangazi hadanganyi. Kwa hiyo kuna mtu anamtilia sukari bila yeye kujua. Ndivyo kichwa changu kilivyopiga hesabu, na kikipiga hesabu miguu inaondoka. Kesho yake mapema nilianza kwa mama ntilie wa karibu na chanja, nikamuuliza maharage yake anaweka nini. Akaniuliza kama nimetumwa au nimechanganyikiwa. Nikaenda kwa muuza kahawa. Mwisho nikaishia kwa jirani yetu anayeoka keki za harusi, ukuta na ukuta na sisi.

"Wewe ndiye unayempa shangazi keki," nikasema, hata hodi sijamaliza.

Alikuwa anachekecha unga. Hakuacha. "Shangazi yako hajagusa keki yangu toka Ramadhani. Nilimpelekea kipande, akakirudisha na sahani imeoshwa. Hebu kaa chini."

"Sikai."

"Basi simama. Anakunywa nini asubuhi?"

"Uji."

"Uji gani?"

Nikamwambia kwa majivuno kabisa, kwa sababu ule uji niliuleta mimi. Ni uji wa pakti, ule unamwagia maji ya moto unakuwa tayari. Mbele pana picha ya bibi na babu wanacheka na meno yote, pameandikwa una nafaka na vitamini, unafaa kwa watu wazima. Nyumbani anayesoma Kiingereza ni mimi peke yangu, maana simu zimenifundisha. Siku ile niligeuza pakti, nikatafuta sukari, nikaona gramu sita. Shangazi akauliza gramu sita ndiyo nini. Nikamwambia ni kama kijiko cha chai kimoja na nusu, kunywa bila wasiwasi. Akanywa. Asubuhi na jioni, miezi minne, na kila akinywa ananishukuru.

"Kalete hiyo pakti," jirani akasema. "Na kikombe chake."

Kikombe cha shangazi ni cha bati, kinaingia nusu lita, kina maua yaliyobanduka. Jirani akakiangalia, akaniangalia mimi. Halafu akageuza pakti, akaweka kidole chenye unga juu ya kale kajedwali.

"Sita hii umeiona. Huku juu ulisoma?"

Juu ya jedwali palikuwa na mstari wa maandishi madogo, madogo kama namba za betri. Unasema: kipimo kimoja, gramu ishirini na tano. Ndani ya pakti, vipimo ishirini.

"Hawa wanakuambia kila ukila gramu ishirini na tano, sita ni sukari," akasema. "Yeye anaweka ngapi?"

"Vijiko vitano vya kulia. Vya mlima."

Akavuta mzani wake wa keki, akaweka kikombe, akaurudisha sifuri. Nikachota kama shangazi anavyochota. Kijiko cha kwanza, cha pili. Cha tano kilipoingia mzani ukasoma gramu mia moja na mbili.

Hapo hata asiyejua hesabu anajua. Mia moja ni ishirini na tano mara nne. Sukari si sita, ni ishirini na nne. Vijiko sita vya chai ndani ya kikombe kimoja, na jioni vingine sita. Mwanamke ameacha sukari kwenye chai, ameacha soda, amerudisha keki na sahani imeoshwa, halafu mimi namnywesha vijiko kumi na mbili kwa siku na kumwambia asiwe na wasiwasi.

Nikakaa chini. Jirani akaendelea na unga.

Yule mtu niliyekuwa namtafuta mtaa mzima nilikuwa mimi.

Katonga nilifika kama saa nne, jua limeshakamata. Shangazi alikuwa anageuza dagaa kwenye chanja kwa viganja. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima juu ya bodaboda, nilipofika yakaniishia. Nikaanza kwa jedwali, nikarukia gramu, nikarudi kwa mzani wa keki. Shangazi akawa ananiangalia kama mtu anayesikiliza redio iliyokosa stesheni.

"Subiri," akasema. "Sita ipo au haipo?"

"Ipo, Shangazi. Ila ni ya kidogo. Ni ya kipimo chao, si cha kikombe chako."

Akainama chini ya chanja, akatoa kopo la zamani la mafuta ya kupikia. Nalijua lile kopo. Kuna mchuuzi mmoja alikuja nalo zamani kidogo, kitako kimegongwa kikaingia ndani, ukiangalia kwa juu linajaa vizuri, ukimimina dagaa ni wachache. Alikuwa anatangaza bei ya kopo chini kuliko wote. Wateja wakakimbilia kwake siku mbili, hadi shangazi alipomwomba hilo kopo mbele za watu, akaligeuza juu chini. Mchuuzi akaondoka, kopo likabaki.

"Wanapima kwa kopo lao," akasema.

"Ndiyo."

"Mimi nakula kwa kopo langu."

"Ndiyo, Shangazi."

"Na wewe ulinisomea dagaa, hukunisomea kopo."

Nikasema nisamehe. Nikasema na mengine, maana mimi nikianza kuomba msamaha naongea kama nagombana. Akanikatiza. "Acha kelele, wateja watadhani nimefiwa. Hao walioandika hawajadanganya, wameandika. Sisi ndio hatukugeuza." Kisha akacheka. Alicheka hadi mwenzake wa chanja ya pili akauliza kuna nini, na yeye akajibu, "Nimepunjwa na uji."

Jioni akataka kuona hicho kipimo kimoja chenyewe. Nikampimia gramu ishirini na tano kwa mzani wa jirani, tukamwagia maji, kikafunika kitako cha kikombe. Akakizungusha. "Huu ni uji wa kifaranga," akasema. Pakti akaipa jirani, akarudi kwa chakula alichokuwa anakijua, samaki wa mgebuka na maharage na mchicha, na ugali akaupunguza kama nesi alivyokuwa amemwelekeza toka mwanzo. Dawa akaendelea kumeza kama kawaida.

Lakini hakuishia hapo, na hapa ndipo nilipompenda upya. Akaanza kwenda dukani na mimi kama mtu anayekwenda na wakili. Kiingereza hajui, ila alishajua pa kuangalia. "Geuza," anamwambia muuza duka. "Nyuma. Kopo lao liko wapi?" Mimi namsomea. Biskuti: namba imeandikwa ya biskuti tatu, pakti ina kumi na mbili. Juisi ya boksi, imejisifia mbele kwamba haijaongezwa sukari, nyuma sukari ya matunda yenyewe imejaa, na kipimo chao ni glasi moja wakati boksi lina glasi tano. Karanga za chumvi, hivyo hivyo. Jirani akatufundisha kwamba pakti nyingine zina safu ya pili, ya gramu mia, na ukitaka kulinganisha pakti mbili angalia hiyo. Shangazi akaidaka hewani. "Hapo wote wamelazimishwa kopo moja." Muuza duka alifika mahali akituona anageuza pakti mwenyewe kabla hajaulizwa.

Mwisho wa mwezi binamu akaja kweli. Alishuka na begi jipya la magurudumu, kubwa, tupu. La nguo za mama yake. Akaliweka sebuleni, na kila tukipita tunalikwepa.

Kesho yake asubuhi tukaenda kliniki watatu. Nesi aliponiona akakunja uso. Nikamsalimia kwa adabu, kitu ambacho kilimtisha zaidi. Binamu akasimama nyuma ya kiti cha mama yake kama askari. Nesi akatoboa kidole, akaweka tone, tukasubiri. Mimi nilikuwa naangalia kimashine kama naangalia simu ya mteja niliyoirudishia betri, itawaka au haiwaki.

Saba na pointi mbili.

Nesi akaangalia kadi. Akaangalia tena kimashine. "Mama, umefanya nini?"

Shangazi akavuta kikapu chake, kilekile mzee wa Simbo alichotaka kipekuliwe, akatoa pakti ya uji aliyoichukua tena kwa jirani kwa kazi hiyo tu. Akatoa kikombe cha bati. Mwisho akatoa kopo la kitako kilichogongwa, akalipanga mezani pamoja na hivyo vingine.

"Huyu," akanionyesha mimi, "alinisomea sita. Mimi nikaamini sita. Sikuwa nakula kwa siri, mwanangu. Nilikuwa nakula wazi, kwa kikombe hiki." Akaeleza yote, kutoka jedwali hadi mzani wa keki, bila kuruka kitu, na alipofika kwenye kopo aliligeuza juu chini kama alivyomfanyia yule mchuuzi. Nesi alilishika, akaingiza mkono ndani, akakigusa kile kitako.

Ni lazima niseme haki yake. Hakujitetea. Alisema, "Mama, nilikukosea mbele za watu. Nisamehe." Halafu akasema, "Na hawa walio nje, wengi wananiambia hawali sukari, na mimi siwaamini. Utawaambia?"

Shangazi akasimama mlangoni na kopo mkononi. "Mwakeye," akawasalimia, na benchi zima likaitikia, hata wale wa kutoka mikoani ambao Kiha wanakisikia tu. Akaanza. Aliwaambia kama anavyouza, anauliza na kujijibu, anamchokoza huyu na yule. Mzee wa Simbo alikuwepo. Alisikiliza hadi mwisho, kisha taratibu akatoa kwenye koti pakti ya biskuti.

"Hii je?"

"Geuza," akasema shangazi.

Benchi lilicheka, na safari hii nilicheka na mimi. Nikamsomea mzee biskuti zake kuanzia juu kabisa, mstari mdogo kwanza.

Njiani binamu akaniambia, "Wewe mdomo wako." Nikasubiri. "Endelea kumsomea," akasema, basi. Kwa binamu hiyo ni hotuba.

Mchana alitaka kuiona Katonga, hakuwa amefika toka aanze kazi. Mama yake akamkabidhi chanja, naye akageuza dagaa na shati lake la ofisini hadi mikono ikanuka. Na kesho yake alipoondoka, begi la magurudumu lilikuwa limejaa dagaa. Shangazi alimpimia mwenyewe, kwa kopo lake zima, kopo baada ya kopo, kila moja na nyongeza juu, akikanyagiza kwa kiganja ili waingie wengi.

"Mama, inatosha," binamu akasema. "Basi zima litanuka."

"Chukua," akasema shangazi, akiongeza. "Wa Dodoma nasikia wapo. Ila hujaliona kopo lao."