Mume Wangu Amesingizia Simu ya Shangazi

Admin, nifichie jina, lakini hasira yangu usiifiche hata kidogo. Nina miaka 31, naishi Mwanza, nimeolewa, tuna mtoto mmoja. Mimi na mume wangu tunaendesha huduma ya wafugaji: mtu anaandika shida ya mifugo yake, meseji inaingia kwenye kanzidata yetu, daktari wa mifugo anaisoma na kumjibu.

Tulipoanza nilimwambia, "Baba Neema, kwenye kanzidata tuweke mpangilio wa herufi wa utf8mb4, unapokea herufi na alama zote. Hiyo utf8 ya zamani ikikutana na emoji inakata meseji palepale." Akacheka. "Wafugaji na emoji wapi na wapi?" Ikapita ya kwake.

Jamani! Msukuma gani anaanza na shida kabla ya salamu? Watu wakawa wanasalimia, wanaweka ile mikono ya kuomba 🙏, ndipo wanaeleza. Kwetu zikawa zinafika salamu tupu. Mume wangu akasema wafugaji wa siku hizi wanapenda tu kupiga soga.

Shangazi yangu wa Magu, aliyenilea baada ya mama kufariki, naye akaandika. Kwetu ikafika salamu ya Kisukuma tu, "Mwangaluka daktari", basi. Daktari akajibu, "Mwangaluka mama." Nilipokwenda kumpa pole ya kufiwa na ng'ombe ndipo nikaiona meseji nzima kwenye simu yake: baada ya 🙏 alikuwa ameandika kwamba ng'ombe wake kavimba tumbo, hali majani, anahema kwa shida. Alikuwa naye huyo huyo mmoja. Ng'ombe alikufa huku shangazi kashika simu, anasubiri kuambiwa dawa. Nililia mpaka yeye ndiye akaanza kunibembeleza.

Niliporudi nikabadilisha kanzidata yote bila kumwomba mtu ruhusa. Mume wangu akawaka: "Unataka watu wajue tulikosea?" Akampigia shangazi mbele yangu, akamwambia simu yake ndiyo iliyokata meseji, na kabla sijafungua mdomo akakata. Eti na mimi niseme hivyo hivyo, la sivyo nirudi kwetu.

Sisemi! Anifukuze, asinifukuze, sisemi.

Leo asubuhi imeingia meseji ya shangazi, na safari hii imefika yote: "Mwangaluka daktari 🙏 Poleni kwa usumbufu, kumbe simu yangu ndiyo mbovu. Mnisamehe."

Kama nimwambie ukweli au la, hilo msinishauri, nimeshaamua. Nishaurini hili tu: niende Magu peke yangu, au nimkokote mume wangu akaseme kwa mdomo wake?