Jina Lililoandikwa Nyuma ya Msahafu

Siku Husseini alipomwona Mwanamwema kwa mara ya kwanza, alikuwa amelala chali chini ya mashua, akiikalafati, akishindilia pamba kwenye nyufa za mbao, mikono imejaa sifa, yale mafuta ya papa, mpaka viwikoni. Ilikuwa mwaka wa 1897. Mwalimu Mahmudi alikuwa akihama na watu wake kutoka Kismayu, akirudi Fuma, kisiwa cha wazee wake, ili afungue chuo cha Kurani. Vyombo vilishushwa: mikeka, vyungu, kinu na mchi wake. Mwisho akashuka binti yake Mwanamwema, wa miaka kumi na minane, amekumbatia msahafu mkubwa uliofungwa kitambaa cheupe. Alipofika kwenye mashua akaziba pua.

"Baba, mtu huyu mbona ananuka papa mzima?"

"Ni sifa hiyo, mwanangu. Bila yeye na sifa yake, chombo kilichotuleta kingezama."

"Basi namshukuru kwa mbali."

Waliokuwapo wakacheka. Husseini alitafuta jibu, asilipate. Alilipata alasiri, wakati binti yule alikwisha ingia ndani zamani, na halikuwa jibu zuri.

Hakuwa na mama wala baba. Alizaliwa Kismayu, mama yake akafa katika arobaini ya uzazi, na baba yake Mbwana akamfuata mwaka ule ule. Shangazi yake Khamisa ndiye aliyemchukua na kumlea Fuma, naye sasa alikuwa kaburini. Kwa hiyo alipoamua kuoa, alimtuma fundi wake, mzee Famau, apeleke posa. Mwalimu Mahmudi alikubali palepale, kwenye baraza ya msikiti, watu wakisikia. Husseini hakulala siku mbili kwa furaha.

Siku ya nane Mwalimu akamwita nyumbani. Alikuwa ameufungua ule msahafu mwishoni, kwenye karatasi ambamo nyumba za visiwa vile huandika mambo yao: nani kazaliwa, nani kafa, na mtoto gani kanyonyeshwa na mwanamke asiye mama yake. Hilo la mwisho huandikwa kwa hofu kubwa, maana walionyonya ziwa moja ni ndugu na hawaoani.

"Soma mwenyewe," alisema Mwalimu.

Husseini akasoma polepole: *Husseini bin Mbwana amenyonya kwa Mashavu binti Idarus.*

"Mashavu ni mama yangu mzazi," alisema Mwalimu. "Alikunyonyesha Kismayu kabla Khamisa hajakuchukua. Mimi na wewe ni ndugu, na binti yangu ni mtoto wako. Nilisahau, Husseini. Nisamehe."

Husseini alimbusu mkono, akatoka. Alitembea ufuoni mpaka mwisho wa kisiwa, akarudi. Hakumlaumu mtu. Utamlaumu nani kwa maziwa uliyonyweshwa ukiwa mchanga?

Mwaka haukwisha, Mwanamwema akaolewa na nahodha Aboud, kijana wa Kismayu. Tangu hapo alimwita Husseini "ami", ingawa alimpita miaka mitatu tu, na hakujifunika uso mbele yake. Ijumaa baada ya sala Husseini alikula kwao. Watoto wao aliwabeba mgongoni. Mashua ya Aboud aliikalafati kila mwaka bila kupokea kitu, kwa sababu mtu hapokei ujira kwa mtoto wa ndugu yake. Aboud alimwita "mkwe wangu" na kuangua kicheko, naye Husseini alicheka pamoja naye. Baadaye alimwoa Arafa, akapata mwana mmoja, akamwita Mbwana kwa jina la babu yake. Arafa hakuzipenda zile Ijumaa. "Ami gani huyu," alikuwa akisema, "anayenyoa ndevu kabla ya kwenda kumwona mtoto wake?" Arafa alifariki wakiwa bado hawajalimaliza neno hilo. Na Mwalimu Mahmudi alipokufa, Husseini alishuka kaburini kumpokea, kama ndugu.

Mwaka wa 1924 kijana wake Mbwana alitaka kuoa Ras Kamboni. Watu wa binti walikuwa wa kale, na kwao mposaji alitakiwa ataje mababa zake saba. Husseini aliwajua wanne.

Akaanza kutafuta. Aliwauliza wazee waliobaki, kila mmoja akamtajia jina tofauti. Akafungua sanduku la marehemu Khamisa, ambalo hakuwahi kulipekua kwa haya, na chini kabisa akakuta karatasi iliyoandikwa na baba yake: *Amezaliwa mwanangu Husseini, Kismayu, mwezi wa Shaabani, mwaka 1292 wa Hijria.* Chini yake, kwa wino uleule: *Amefariki mama yake, mwezi wa Ramadhani.* Na majina mawili ya wazee waliozikwa Kismayu. Alikaa na karatasi ile magotini muda mrefu. Hakuwahi kuuona mwandiko wa baba yake.

Akaenda Kismayu. Kwenye makaburi ya zamani alisugua mawe kwa kumbi la nazi siku mbili, akipangusa chumvi kwenye herufi. Akampata baba wa tano, wa sita, na wa saba kwenye jiwe lililovunjika. Aliandika yote, akayasoma kwa sauti, akajikuta anacheka peke yake.

Alipotaka kuondoka akamkumbuka Mashavu. Mwanamke amemnyonyesha, naye hajawahi hata kumsomea Fatiha! Akalitafuta kaburi lake mpaka akalipata chini ya magugu ya mgagani. Akasugua. *Mashavu binti Idarus. Amefariki mwezi wa Rajabu, mwaka 1290.*

Akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena.

Labda aliyechonga alikosea. Alimwendea Ummi, kikongwe aliyekuwa jirani ya baba yake, ambaye macho yalikwisha lakini ulimi bado.

"Mashavu?" alisema Ummi. "Mashavu alikufa kabla mama yako hajaolewa, mwanangu. Maiti yake niliikosha mimi."

"Basi mimi nilinyonyeshwa na nani?"

"Na mbuzi!" Kikongwe akacheka mpaka akakohoa. "Mbuzi wangu mweupe. Tulikuchovyea kitambaa, ukafyonza kama ndama. Umekuja kumlipa haki yake?"

Husseini alirudi Fuma na majina yake saba mfukoni. Alimpa mwanawe karatasi, kisha akaenda moja kwa moja kwa Mwanamwema. Alimkuta uani anasuka ukili. Aboud alikuwa safarini, na watoto wakubwa walikwisha hamia majumbani mwao.

"Karibu, ami. Umewapata mababa wote?"

"Nimewapata. Na bibi yako nimempata pia." Akamweleza habari ya jiwe, ya karatasi na ya mbuzi. "Baba yako alitudanganya, Mwanamwema. Alikudanganya wewe, akanidanganya na mimi."

Mwanamwema hakuinua macho. Vidole viliendelea kusuka.

"Mimi hakunidanganya," alisema.

Husseini akachutama mbele yake.

"Nilimtaka Aboud tangu Kismayu. Baba naye alishakupa neno lake mbele ya msikiti mzima, hawezi kulirudisha bila aibu. Nikamwambia, liko jambo moja ambalo Husseini hatagombana nalo. Alikataa siku tatu. Siku ya nne akashika kalamu."

"Ungeniambia tu kwamba hunitaki."

"Na ungebaki kuwa rafiki yetu?"

"Sijui."

"Basi. Na mashua ya Aboud angeikalafati nani?" Alitabasamu, kama alivyozoea kumtania.

Husseini hakutabasamu. "Aboud anajua?"

"Anajua."

Akakisikia kile kicheko cha "mkwe wangu", cha miaka yote ile, na chake mwenyewe kikikifuata nyuma.

"Nimeshuka kaburini kwa baba yako," alisema. "Arafa amekufa akinishuku, nami nikimwapia kwamba naenda kwa mtoto wangu. Nimemwapia kwa Mungu, Mwanamwema."

"Tulikupenda, ami. Chakula chetu kilikuwa chako."

"Futa jina langu kwenye msahafu ule."

"Siwezi. Watoto wataona limefutwa, watauliza. Baba yangu watamfanya mwongo."

"Nitalifuta mimi."

Akaingia ukumbini. Msahafu ulikuwa kwenye kidaka chake ukutani, katika kitambaa cheupe. Mkono wake ulikuwa haujaufikia, Mwanamwema akawa amekwisha simama kati yake na ukuta. Akavuta ushungi, akajifunika uso mpaka yakabaki macho, kama wanawake wote wa Fuma walivyofanya Husseini alipopita njiani. Yeye peke yake hakuwahi kumfanyia hivyo tangu alipoandikwa nyuma ya kitabu kile. Mkono wa Husseini ukashuka wenyewe.

Waliishi kisiwa kimoja mpaka mwisho, na Mwanamwema hakusema naye tena. Maneno yake ya mwisho kwake yalikuwa haya, na aliyasema kwa sauti ya juu, majirani wasikie:

"Toka, Husseini. Mume wangu hayupo, na haifai mwanamume wa kando kuwa ndani na mimi."