Ongeza Bluu

Miezi minane baada ya kumaliza chuo pale Makumira, cheti changu cha ualimu kilikuwa bado kwenye bahasha ya kaki, nami nilikuwa nimechoka kuulizwa na majirani wa Lemara ninafundisha wapi. Ndipo nikapata kazi kwa mzee. Alikuwa Mhindi wa Arusha, mjukuu wa muuza vitambaa, na yeye mwenyewe aliuza vitambaa mpaka biashara ya madini ilipofunguliwa kwa watu binafsi. Hapo akaingia kwenye tanzanaiti na hakutazama tena nyuma. Alitaka mtu wa kuyapiga picha mawe yaliyokwisha kukatwa, kuzisafisha zile picha kwenye kompyuta, na kuzituma kwa barua pepe kwa wanunuzi wa nje, ambao siku hizo walikuwa wameanza kutaka kuona kabla ya kupanda ndege.

Ofisi yake ilikuwa ghorofani, chumba kimoja chenye dirisha kubwa la kaskazini linalotazama Mlima Meru. Pembeni kulikuwa na madhabahu ndogo yenye ubani, kwa hiyo viatu tuliviacha mlangoni, mimi, yeye na kila dalali aliyepanda ngazi. Kuanzia saa tatu mpaka saa tano asubuhi hakupokea simu. Aliweka jiwe juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha, akarudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni, halafu akaitaja rangi. Madalali walibishana naye juu ya uzito na juu ya bei mpaka mate yakawakauka. Juu ya rangi hawakubishana. Akishasema, imesemwa.

Wiki ya kwanza nilimuuliza kwa nini asitumie taa. Akasema taa inalitia jiwe zambarau. Nikauliza kwa nini basi asilitoe juani.

"Jua linapamba," alisema. "Dirisha hili halina haja ya kuuza."

Nikauliza amejuaje. Tangu siku hiyo akaniita Profesa, na haikuwa sifa.

Kompyuta niliyoikuta ilikuwa PC iliyoungwa na fundi mmoja wa mjini, yenye skrini ya chogo iliyojaza nusu ya meza. Nilipiga picha, nikaziingiza, nikaanza kusafisha: vumbi, vivuli, alama za kibano. Mzee alisimama nyuma yangu na kila mara alikuwa na neno moja. Ongeza bluu. Nikiongeza, anasema tena. Niliona ni kweli kwamba picha zimepauka kidogo, na yeye ndiye aliyeyajua mawe, basi nikaongeza.

Kisha kifurushi kimoja kikarudishwa kutoka nje. Barua iliyokuja nacho ilikuwa fupi na ya heshima: mawe ni mazuri, lakini siyo yale ya kwenye picha. Baada ya wiki tatu kikarudi cha pili, cha mnunuzi mwingine. Siku hiyo mzee hakunywa chai. Katika biashara ile watu walipeana mawe kwa neno tu, na kifurushi kilichorudi husikika mtaa mzima kabla hakijafunguliwa. Alisema kompyuta yangu inamharibia jina. Yule mnunuzi wa kwanza alikuwa ameongeza mwishoni mwa barua kwamba yeye anatumia kompyuta ya Mac, na kwamba wote wanaofanya kazi ya picha kwa makini wanatumia Mac.

Nilimuuliza mzee kama mnunuzi huyo anaziuza hizo Mac pia. Niliamini ni mashine ya watu wanaopenda kuonekana. Lakini jina lililokuwa linachafuka halikuwa langu. Kwenye ubao wa matangazo wa duka moja kubwa tukaona karatasi ya mgeni aliyemaliza mkataba, anarudi kwao na anauza vitu vyake: kitanda, friji, baiskeli ya mtoto, Mac. Tukaenda kwake Njiro. Niliijaribu saa nzima, nikiuliza maswali, mpaka yule mgeni akachoka kusimama na kuniletea kiti.

Mzee aliinunua, na siku tatu za mwanzo niliichukia. Mausi yake ilikuwa na kitufe kimoja, kana kwamba mtu ana kidole kimoja. Mkono wangu ulikimbilia kona ya kulia kufunga dirisha, kumbe vitufe viko kushoto. Flashi niliyopeleka kuprinti ilijaa vifaili visivyofunguka, na kijana wa steshenari akaniambia mbele ya foleni nzima kwamba mashine yangu ina virusi.

Siku ya nne nilifungua zile picha za zamani, nikaacha kulalamika. Mawe yote yalikuwa na bluu ya ndoo ya plastiki. Yalipiga kelele. Hizo ndizo nilizokuwa nimezituma duniani kwa jina la mzee. Ile skrini ya chogo ilikuwa imezeeka na kuimeza bluu, na mimi niliyeuliza juu ya taa, jua na dirisha, sikuwahi kuuliza juu ya kioo nilichokuwa nakitazama mchana kutwa.

Nikazirudia upya. Niliweka jiwe kwenye karatasi dirishani, picha kwenye Mac, nikawa natembea katikati mpaka sikuona tofauti. Kisha nikamwita mzee, nikiwa na furaha ya mtu aliyekamata mwizi.

Akatazama kwa muda. "Haina rangi, Profesa. Ongeza bluu."

Nikamwomba atazame jiwe lenyewe. Akalinyanyua kwa kibano, akaligeuza. Akasema hili nalo halina rangi, siku hizi huko migodini Mererani wanachimba majivu. Kisha akatazama nje, akasema hata mlima umepoteza rangi, watu wamechoma misitu mno, vumbi limejaa. Mlima asubuhi ile ulikuwa wa bluu mpaka kileleni.

Nilikaa chini. Mashine ya kwanza ilikosea, sawa. Lakini mashine ya pili ilikubaliana na dirisha, na dirisha likakubaliana na mlima, na aliyebaki peke yake ni mtu ambaye mji mzima ulimwamini kwa macho yake. Sikutaka kulimaliza wazo lile.

Alasiri moja akaja dalali wa mtaa wa Kwa Mrombo, Mmeru kama mimi, aliyemuuzia mzee mawe tangu mwanzo wa biashara. Mzee akalitazama jiwe lake, akasema kijivu. Dalali hakubisha. Alilifunga kwenye karatasi polepole, akavaa viatu, akashuka. Nilimfuata kwenye ngazi, nikamwomba niliangalie. Lilikuwa la bluu kama wino.

Nikamwambia amwambie mzee. Akatikisa kichwa.

"Dada, jicho la mzee ndiyo leseni yake. Nikisema mimi, kesho mtaa mzima unajua, wataanza kumletea vipande vya chupa. Wewe ndiye mwenye maswali. Muulize."

Kwetu mtu mzima haambiwi na mtoto kwamba mwili wake umeanza kumwacha. Hutafutwa wa rika lake, akaenda kukaa naye, wakazungumza habari za ng'ombe kwanza. Wa rika lake hapa alikuwa mke wake, naye alikuwa amesafiri mbali kumuuguza binti yao aliyejifungua. Namba yake ilikuwa kwenye daftari la simu, na mara mbili niliinua mkono wa simu nikaushusha. Ningekuwa nimemshtaki kwa mkewe kwa kosa ambalo yeye mwenyewe hakulijua.

Kilichoniokoa kilikuwa miguuni pake. Tangu mkewe aondoke, mzee alikuwa akija na soksi mbili tofauti, moja nyeusi, nyingine bluu iliyokolea. Mara ya kwanza nilidhani ni haraka. Mara ya pili nilidhani ni upweke, nikamwonea huruma. Mara ya tatu nilielewa kwamba kila asubuhi alikaa kitandani akachagua soksi zinazofanana.

Nilimkuta anasoma gazeti, miguu ameinyoosha. Nikamwomba asisogee, nataka kujaribu kamera.

"Miguu? Wanunuzi wameanza kutaka miguu?"

Nikapiga, nikaifungua picha kwenye Mac, nikamwita.

"Soksi zangu," alisema. "Nzuri. Zina nini?"

"Ni rangi gani, mzee?"

"Nyeusi."

"Zote?"

"Profesa."

"Niongeze bluu?"

Akacheka, akasema leo angalau nimekumbuka kabla ya kuambiwa. Nikaongeza. Soksi ya kulia ikabaki nyeusi. Ya kushoto ikapanda, ikapanda, ikawa na bluu ya sweta la shule.

Aliinama akatazama miguu yake, akaenda dirishani, akaweka mguu mmoja juu ya kiti, akaushusha, akaweka wa pili. Alirudi akasimama nyuma yangu. Akaniambia nirudishe, nikarudisha. Akaniambia niongeze tena. Tulifanya hivyo mara tatu.

"Nani mwingine anajua?"

Nikamwambia ni dalali wa Kwa Mrombo, na kwamba hajafungua mdomo wala hataufungua. Akakaa kwenye kiti cha wageni, kiti ambacho sikuwahi kumwona akikikalia.

"Mama watoto alikuwa ananitolea soksi kila asubuhi," alisema baadaye. "Kanifichia ugonjwa huu miaka yote, na wala hajui."

Akautangazia mji kwamba anakwenda kwenye harusi ya ndugu. Harusi ilikuwa hospitali, Moshi. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walianza na lile lililoharibika zaidi, lingine likapangiwa baadaye. Daktari alimweleza kwamba alikuwa akiutazama ulimwengu kupitia glasi ya chai.

Alirudi na kifuniko cha plastiki juu ya jicho, akawaambia madalali mdudu amemwuma harusini. Asubuhi alipoanza kukitoa, hakugusa mawe. Alisimama mbele ya mlima. Akafunika jicho jipya kwa kiganja, akatazama. Akafunika la zamani, akatazama.

"Hii PC," alisema. "Hii Mac." Akarudia tena. "PC. Mac." Mabega yake yakaanza kutikisika, na kwa muda sikujua kama anacheka au analia. Alikuwa anacheka.

Kisha akaniagiza nimpigie simu dalali wa Kwa Mrombo, nimwombe aje na lile jiwe kama bado analo. Alikuwa nalo. Mzee aliliweka kwenye karatasi, akarudi hatua mbili, kiganja juu ya jicho la zamani, na akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

"Hili nilikosea," alisema. "Ni bluu ya daraja la kwanza."

Dalali alitazama chini, kwenye soksi zake mwenyewe. Neno lile, nilikosea, halikuwa limewahi kusemwa kwenye chumba kile.

Mchana tukaandaa picha mpya kwa wale wanunuzi wawili, na barua ya kueleza kwamba za mwanzo zilikosewa hapa kwetu. Nilikuwa nimezisafisha kwa uangalifu wote nilionao, jiwe moja moja dhidi ya dirisha. Mzee akaja akasimama nyuma yangu, kiganja usoni. Nikaweka mkono kwenye mausi tayari, maana nililijua neno lake.

"Punguza kidogo," alisema.

Nilichukua jiwe, nikaenda nalo dirishani kuhakikisha. Alikuwa sahihi.