Mama Ornela na Shamba la Barabara ya Kipushi

Wanawake wa Kikongo wanaouza sombe, majani ya muhogo, sokoni Yeoville mjini Johannesburg humwita Mama Ornela, naye huwajibu kwa Kiswahili cha Lubumbashi kilichomlea, ingawa ni Mtaliano, mweupe pee, mvi zake amezifunga kitambaa. Mteja akishangaa, wao hucheka na kumwambia huyu ni wa kwetu, mwache.

Alizaliwa shambani, barabara ya Kipushi nje ya Lubumbashi, ambako baba yake alifuga ng'ombe wa maziwa na kutengeneza jibini. Mwaka wa sabini na tatu serikali ilipowanyang'anya wageni mali zao, shamba lile alipewa bwana mmoja mwenye jina kubwa mjini. Alikuja na askari, jua la utosi. Baba yake Ornela, aliyekuwa akifunga virago tangu alfajiri, akaomba maji ya kisima alichokichimba mwenyewe. Yule bwana akasema kisima sasa kina mwenyewe, akamgeuzia kisogo. Wiki hiyohiyo ng'ombe wakachinjwa kwa karamu ya harusi. Mzee alifia Johannesburg, akifyeka majani kwenye bustani za watu. Kinyongo kile Ornela alikitunza kama wengine wanavyotunza dhahabu.

Mwaka huu akaja Alexis, mtoto wa yule bwana, suti imemkaa, maneno matamu. Alitaka Wataliano wa Johannesburg wakaanzishe kijiji kipya cha wakulima huko Katanga, upande wa Lubumbashi: kila familia na ardhi yake, trekta la pamoja, na miaka ya mwanzo bila kulipa chochote. Vijana waliochoshwa na Johannesburg walichangamka, wa mbele kabisa akiwa Renzo, mpwa wake Ornela aliyemlea mwenyewe. Lakini wazee walikataa kutia sahihi kabla Ornela hajamsikiliza mtu huyo, maana ndiye aliyeijua nchi ile.

Ornela akasema akaribishwe kwake. Alexis alimjua kwa jina la mume tu, akaja amefurahi.

Jumapili sebule ilijaa. Ornela akapitisha kahawa, maji na biskuti kwa kila mtu. Kwa Alexis akapita kama mbele ya kiti kitupu. Akazunguka tena, vilevile. Wataliano hawakuona kitu. Alexis aliona. Kwao Katanga, mgeni asiyepewa hata maji ameshaambiwa yote. Jasho likamtoka, sauti ikaanza kukwaruza, mwisho akakiacha Kiingereza chake, akaingia Kiswahili.

"Mama, nimekukosea nini? Hata maji?"

"Muulize baba yako. Yule mzungu wa jibini, wa barabara ya Kipushi, mimi ni mtoto wake."

Alexis akasogeza kiti na kuishusha sauti. Shamba lile bado alikuwa nalo.

"Nitakurudishia, Mama. Kwa jina lako. Wewe uwaambie tu hawa watu neno zuri."

Moyo wa Ornela uliruka. Aliliona zizi, akaiona mikaratusi, na chini yake kaburi la mama yake. Kwa kitambo alikuwa mtu awezaye kusema ndiyo. Kisha akawageukia wenzake, akawatafsiria kila neno kwa Kitaliano: la shamba, la baba yake pale kisimani, na la bei ya ulimi wake mwenyewe.

"Ardhi ni nzuri, sitawadanganya," akasema. "Mahindi yake yanampita mtu kimo. Lakini huyu ametaka kuninunua mbele ya macho yenu. Siku akipata mwenye kumfaa zaidi, mtapakia virago kama sisi."

Wazee walisimama mmoja mmoja, wakachukua kofia zao. Alexis alitoka bila kuaga, na Ornela akamsindikiza kwa macho mpaka kwenye geti, akitabasamu.

Renzo alibaki. "Shangazi, wewe umelipiza kisasi chako. Mimi umeniachia nini?"

Kijana hakukanyaga tena pale mpaka baridi ikaisha. Wanawake wa Yeoville waliposimuliwa, Victorine wa sombe akamwuliza kama hajuti.

"Kaburi la mama yangu, hilo linaniuma," alisema Ornela, akichagua fungu lake. "Alexis, hapana. Kesho akija, nampita tena."